Saratani ikishafika kwenye mifupa: utembee, uendeshe baiskeli, uingie majini au unyanyue vyuma?

Mtu akishaambiwa kwamba saratani imefika kwenye mifupa, ushauri wa mazoezi humjia kutoka pande mbili. Ndugu na majirani humwambia atulie asije akavunjika. Daktari humwambia asikae tu, ajitahidi kusogea asije akaishiwa nguvu. Kila upande una hoja yake, na mgonjwa anabaki katikati bila kujua asogee vipi. Wengi hukata shauri kwa kuangalia zoezi lipi linaonekana jepesi, na kipimo hicho kinadanganya. Kutembea kunaonekana kwepesi. Lakini vipimo vilivyochukuliwa kwa watu waliowekewa nyonga za bandia zenye vihisi ndani yake vimeonyesha kwamba mwendo wa kawaida hukandamiza kiungo cha nyonga kwa nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wa mwili, na kujikwaa kwa ghafla kunaweza kuifikisha mara saba au zaidi. Kunyoosha goti ukiwa umeketi kwenye mashine kunaonekana kazi ngumu, kumbe uzito wa mwili haupiti kwenye nyonga hata kidogo. Kwa mwenye doa la saratani kwenye shingo ya mfupa wa paja, lile "gumu" ndilo linaloweza kuwa salama zaidi.

Kwa hiyo katika ulinganisho huu kila zoezi nitaliuliza mambo matatu: linakandamiza mfupa gani, linaupinda au kuusokota vipi, na linaweza kukuangusha? Majina ya mazoezi yenyewe hayatuambii mengi.

Kwanza, ugonjwa umekaa wapi?

Saratani za matiti, tezi dume, mapafu, figo na thairoidi ndizo zinazohamia mifupani mara nyingi. Mailoma, ambayo ni saratani ya uboho, nayo huila mifupa. Sehemu zinazoshambuliwa zaidi ni uti wa mgongo, mifupa ya nyonga, mbavu, na ncha za juu za mfupa wa paja na wa mkono. Hatari haiko sawa kila mahali. Doa dogo kwenye ubavu na doa kubwa kwenye shingo ya paja ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama ripoti ya kipimo imeyataja kwa mstari mmoja.

Kuna madoa yanayoutoboa mfupa, kama ilivyo kawaida kwa mailoma na saratani za figo na thairoidi, na kuna yanayoujaza mfupa kupita kiasi, ambayo ni kawaida kwa saratani ya tezi dume. Haya ya pili huonekana meupe na mazito kwenye picha, na mtu hudhani mfupa umeimarika. Sivyo. Mfupa huo umejengwa ovyo na nao huweza kuvunjika, ingawa yale yanayotoboa ndiyo yanayoogopwa zaidi.

Madaktari wana njia za kupima hatari hii. Kwa mifupa mirefu ya miguu na mikono kuna alama za Mirels, zilizochapishwa mwaka 1989: huangaliwa mahali doa lilipo, ukubwa wake, aina yake na maumivu yake, kisha hujumlishwa. Jumla ya juu kabisa ni 12. Ikifika 9, kwa kawaida upasuaji wa kuuimarisha mfupa kabla haujavunjika hupendekezwa. Mtu wa alama hizo hana haja ya kuchagua kati ya baiskeli na bwawa. Anamhitaji daktari wa upasuaji wa mifupa kwanza. Kwa uti wa mgongo kuna kipimo kingine chenye alama kati ya 0 na 18: hadi 6 uti umetulia, yaani bado ni imara, 7 hadi 12 ni wa mashaka, 13 na kuendelea haujatulia. Katika vipimo vyote viwili maumivu yanayoongezeka unapousimamia au kuusogeza mfupa huhesabiwa kama ishara mbaya. Kwa hiyo usimfiche daktari maumivu kwa kuogopa kukatazwa mazoezi.

Huhitaji kujua alama zako kwa moyo. Muulize daktari wako mambo mawili, na majibu uyaandike: mifupa ipi imeshikwa, na kuna ambao sitakiwi kuuwekea uzito? Bila majibu hayo, yote yanayofuata hapa chini ni ya kusoma tu, si ya kufanya.

Je, kutulia tu si ndiyo salama?

Kutulia nako ni chaguo, kwa hiyo nako kulinganishwe na mengine. Misuli ya mapaja hupungua haraka kwa mtu anayeshinda kitandani, na misuli hiyohiyo ndiyo inayomzuia asianguke akienda msalani usiku. Mfupa usiobeba kitu nao hupoteza madini, na mwanamume anayepewa dawa za kushusha homoni kwa ajili ya tezi dume tayari anayapoteza kwa sababu ya dawa. Damu ikikaa bila kusukumwa na misuli ya miguu, hatari ya kuganda huongezeka, na saratani yenyewe ilishaiongeza.

Upande wa pili una ushahidi wa kutia moyo. Nchini Australia, wanaume 57 wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa mifupani walifuatiliwa kwa miezi mitatu, na utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018. Waliofanya mazoezi walipangiwa kila mmoja kulingana na mifupa iliyoshikwa, ili nguvu isipite pale penye doa. Uwezo wao wa kufanya shughuli za kila siku ulikuwa bora na nguvu za miguu ziliongezeka, na mazoezi hayakuleta mivunjiko wala kuzidisha maumivu ya mifupa. Mwaka 2024 ulitoka utafiti mkubwa zaidi, wa watu 357 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, wengi wao ikiwa imefika mifupani. Walioshiriki mazoezi ya kusimamiwa kwa miezi tisa walichoka kidogo kuliko wenzao na hali yao ya maisha ilikuwa bora. Tukumbuke lakini kwamba watu ambao mifupa yao haikuwa imetulia hawakuingizwa katika utafiti huo. Matokeo mazuri ni ya watu waliochunguzwa kwanza.

Kwa maoni yangu basi, kutulia kabisa ni chaguo la muda tu: unaposubiri mfupa uimarishwe kwa upasuaji, au daktari anapochunguza maumivu mapya.

Kutembea na baiskeli ya mazoezi

Hapa ndipo uamuzi unapobadilika zaidi kutoka mtu hadi mtu. Ikiwa madoa yako kwenye mbavu, bega au sehemu ya juu ya mgongo, na yametulia, kutembea ni zoezi zuri kuliko mengi: halihitaji kifaa, linatumia misuli ya mwili mzima, na mzigo wake haukai kwenye mifupa iliyoshikwa. Unahitaji tu viatu vilivyofungwa vizuri visivyoteleza, njia tambarare na mwanga wa kutosha.

Ikiwa yako kwenye nyonga, kiunoni au kwenye paja la juu, baiskeli isiyosonga inaipita kutembea kama zoezi la kuongeza pumzi. Kiti kinabeba sehemu kubwa ya uzito, miguu inazunguka bila kugonga chini. Kutembea kwa shughuli za nyumbani kunaendelea kama daktari alivyoruhusu, kwa mkongojo au fremu ikihitajika, lakini usikugeuze kuwa mbio za kuhesabu hatua. Kukimbia na kuruka viache kabisa, popote doa lilipo.

Si kila baiskeli ya mazoezi inafaa, hata hivyo. Ile inayokulazimisha uiname mbele kufikia mpini hupinda mgongo kwa muda mrefu, na mwenye madoa kwenye uti haimfai. Ile ya kuegemea, yenye mgongo wa kiti na miguu mbele, ndiyo ningeichagua mimi kwa mgonjwa wa uti au nyonga. Zaidi ya hayo, kuipanda na kushuka ni rahisi kama kukaa kwenye kiti, wakati ile ya kawaida inabidi uvushe mguu juu ya chuma, na hapo wengi hupepesuka. Baiskeli ya barabarani siiweki kwenye ulinganisho: kuanguka mara moja kunaharibu faida ya mwaka mzima.

Kiasi? Mapendekezo ya jumla kwa wagonjwa wa saratani ni dakika 30 za mazoezi ya pumzi, yaani yale yanayoharakisha moyo na pumzi kama kutembea au baiskeli, mara tatu kwa wiki na ya nguvu mara mbili. Anayeanzia chini aanze na dakika tano au kumi, apumzike, arudie baadaye siku hiyo. Kasi ijipime kwa mazungumzo: uweze kusema sentensi nzima, ushindwe kuimba.

Majini

Maji yakikufika kiunoni, uzito unaobebwa na miguu hupungua kwa karibu nusu. Yakifika kifuani hupungua zaidi. Kwa mtu ambaye kila hatua ya nchi kavu inamchoma, kutembea ndani ya maji ya kifua ni nafuu ya kweli, na ukiyumba maji yanakushika.

Lakini hatari ya majini iko kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Sakafu imelowa, ngazi ya bwawa ni nyembamba na wima, mikono inajivuta kwa nguvu. Kama bwawa halina ngazi pana zenye mahali pa kushika, mimi ningebaki na baiskeli. Kuogelea kwenyewe ni jambo jingine tena na kutembea majini. Mtindo wa kupokezana mikono husokota uti na kugeuza shingo kila pumzi, ule wa chura huinua shingo nyuma, na mitindo yote huvuta bega na mbavu. Mwenye madoa kwenye shingo, bega au uti atembee majini, asiogelee.

Wapo pia ambao bwawa halijawafaa kwa sasa: aliyeshushwa seli nyeupe na kemotherapi, mwenye kidonda kisichopona, mwenye mrija wa dawa unaotokeza nje ya ngozi, na ambaye ngozi yake bado inauma kutokana na tiba ya mionzi.

Mikanda ya mpira, vyuma na mashine

Watu huviogopa vyuma kuliko kitu kingine, na hapa hofu imezidi. Mazoezi ya nguvu ndiyo yanayorudisha misuli ambayo kutembea peke yake hakuirudishi, na uzuri wake ni kwamba yanaweza kuelekezwa. Ukitembea huwezi kuiambia nyonga isibebe. Kwa mashine unaweza kufanyisha kazi mikono na magoti ukaiacha nyonga imepumzika. Ndivyo walivyofanya watafiti wa Australia: mwenye doa la nyonga alifanya mikono na magoti, akaacha mazoezi ya kusukuma paja mbele na nyuma, mwenye madoa ya mbavu au mgongo wa juu alifanya miguu na viwiko, akaacha yanayosogeza bega kwa mzigo, mwenye madoa ya uti hakupewa mazoezi ya kukunja kiwiliwili.

Kati ya vifaa vyenyewe, mashine inavizidi vingine kwa kukuketisha na kuongoza mwendo, hivyo huwezi kuangusha kitu wala kuyumba. Mikanda ya mpira ni myepesi kuhifadhi na inafaa nyumbani, ila ugumu wake huongezeka kadiri unavyoivuta, na ikichomoka ilipofungwa hukurudia kwa kishindo kinachoweza kukuangusha. Ifunge mahali imara na ufanye ukiwa umeketi. Vyuma vya mkononi ni vizuri vikiwa vyepesi, lakini kuviokota sakafuni ndiyo sehemu mbaya kuliko zoezi lenyewe. Viweke mezani, usawa wa kiuno.

Kuna zoezi moja lisilohitaji chochote ambalo ningelipa nafasi kubwa kwa yeyote aliyeruhusiwa kubeba uzito kwenye miguu: kuinuka kitini. Chagua kiti kigumu chenye mikono, kiegemee ukutani kisirudi nyuma. Sogea ukingoni mwa kiti, rudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, mgongo ukiwa umenyooka uinamie mbele kutoka kwenye nyonga, sukuma sakafu kwa miguu yote miwili huku ukitoa pumzi. Simama wima, tulia, kisha shuka polepole kuliko ulivyopanda. Usijitupe kitini, kwa maana mshtuko huo wa mwisho huingia moja kwa moja kwenye pingili za mgongo. Ukiweza mara tano bila kutumia mikono, hata msalani na garini utaona tofauti.

Kukaza misuli bila kusogeza kiungo

Kwa mwenye madoa ya uti yaliyotulia, hili nadhani ndilo linalosahaulika sana. Heidelberg, Ujerumani, wagonjwa 60 wa namna hiyo waligawanywa makundi mawili wakati wa tiba ya mionzi. Kundi moja lilifundishwa kukaza misuli inayouzunguka uti bila kuukunja. Maumivu yao yalipungua zaidi kuliko ya wenzao, na mivunjiko haikuongezeka. Ukilinganisha na mazoezi ya tumbo ya kulala chali na kujikunja, ambayo hukandamiza upande wa mbele wa pingili, uchaguzi hauna ubishi.

Namna rahisi ya kuanza ni kulala chali magoti yamekunjwa, ukaze tumbo kana kwamba mtu anataka kukugusa, ukandamize visigino taratibu kwenye godoro, ushike kwa sekunde tano huku unapumua, uachie. Usibane pumzi. Na ukimaliza usinyanyuke kwa kujikunja: geuka ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo linaloviringishwa, teremsha miguu nje ya kitanda huku mkono ukikusukuma juu. Mtu huinuka kitandani mara nyingi kuliko anavyofanya mazoezi. Huo ndio mwendo wa kwanza kuusahihisha.

Yoga, Pilates na tai chi

Yoga na Pilates husifiwa kuwa za upole, na kwa pumzi na utulivu wa moyo sifa hiyo ni ya haki. Kwa mifupa iliyoshikwa ningechagua kwa tahadhari kubwa. Kuinama mpaka kushika vidole, kujisokota ukiwa umeketi, kusimama kwa mabega, kujiviringisha kwa mgongo kwenye mkeka: yote hayo hufikisha uti mwisho wa mwendo wake, na mwenye madoa ya uti hayamfai. Darasa la watu wengi linakwenda kwa kasi ya wengi. Kama unaipenda yoga, mwambie mwalimu ukweli kabla ya kuanza na ubaki na mikao ya kiti.

Tai chi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, ina nafasi nzuri zaidi kwa sababu moja kubwa: imeonyesha kupunguza kuanguka kwa wazee, na kuanguka ndiyo adui namba moja hapa. Hili linawahusu hasa waliopata ganzi ya miguu kutokana na dawa za saratani kama paklitakseli au bortezomibu. Fanya hatua fupi, mizunguko midogo ya kiuno, ukuta au kiti kikiwa karibu na mkono.

Peke yako au na mtaalamu

Mwaka 2022 jopo la kimataifa la wataalamu lilitoa mapendekezo kuhusu jambo hili. Kiini chake ni kupima hatari kabla ya kuanza, kuwasiliana na madaktari wanaomtibu mgonjwa, kumtumia mtaalamu wa mazoezi anayeijua saratani, na kuweka mbele mwendo uliotawaliwa na mkao sahihi. Mimi ningesema hivi: hata kama huwezi kumwona mtaalamu wa fiziotherapia kila wiki, mwone mwanzoni ili akupangie na akuone ukifanya, kisha umrudie kila kipimo kipya kinapotoka. Doa jipya hubadilisha mpango mzima. Tiba ya mionzi nayo hubadilisha: maumivu yanaweza kutulia ndani ya wiki chache, lakini mfupa huchukua miezi kujijenga upya, kwa hiyo nafuu ya maumivu isikuharakishe kuongeza mzigo. Mkufunzi wa jimu asiyejua ugonjwa wako, hata awe hodari vipi, hawezi kuchukua nafasi hiyo.

Ukifanya nyumbani peke yako, jifunze kutofautisha maumivu. Ya misuli huja pande zote mbili, huuma ukiigusa, huisha baada ya siku mbili tatu. Ya mfupa hukaa mahali pamoja, ndani kabisa, huongezeka ukiweka uzito, mara nyingi hukuamsha usiku. Hayo ya pili yakianza au yakizidi, acha zoezi linaloyaleta na umpigie daktari. Ukiwa umetumia dawa kali ya maumivu saa moja kabla, usijaribu mzigo mpya, kwa sababu dawa inaweza kuficha onyo.

Na kuna dalili ambazo hazisubiri kliniki ya wiki ijayo. Maumivu mapya ya mgongo yanayozunguka kifua au tumbo kama mkanda, miguu kulegea au kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo kugoma kutoka: hizi zinaweza kuwa neva kuu ndani ya uti inabanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama mtu atatembea tena. Kiu isiyoisha pamoja na kukojoa sana, choo kigumu na kuchanganyikiwa inaweza kuwa kalsiamu imepanda kwenye damu. Na ukisikia mlio kwenye paja au mkono ukafuatwa na maumivu makali, usijaribu kusimama wala kuujaribu mkono huo. Katika hali zote hizi, nenda idara ya dharura siku hiyohiyo na uwaambie mapokezi kwamba una saratani iliyofika kwenye mifupa.